TAHADHARI: Fundi AC wa kuja nyumbani na kompresa "mpya" ya kwenye boksi

Jamani, naandika mikono inatetemeka kwa hasira, mnivumilie. Kuna mtu anazunguka Sinza, Kijitonyama na Mwenge, anajiita fundi AC wa magari, ukimpigia anakufuata mpaka nyumbani. Ni tapeli. Amekula 470,000 yangu, ameondoka na kompresa yangu nzima (ile pampu inayosukuma gesi ya AC), na kwenye gari ameniachia kitu ambacho kingetuunguza mimi na mama. Jina lake siliweki hapa kwa sababu suala liko polisi, RB (namba ya taarifa ya polisi) ninayo.

Gari ni Corolla ya marehemu baba. Ukiwa unatembea barabara ya Bagamoyo inapoza vizuri tu, ukikwama kwenye foleni Mwenge au Ubungo inaanza kupuliza joto. Na joto la kaskazi si la kumpitisha mtu mwenye presha, kliniki ya mama Muhimbili nayo haiahirishwi. Sikutaka tena kushinda kwenye benchi la gereji ya mtu. Namba ya huyu nilipewa na mama mmoja wa jumuiya yetu, mtu mzima, gari lake alitengenezewa na huyohuyo na siku ile lilikuwa linapoza.

Alikuja na ovaroli safi, geji zake mbili za presha ya gesi, ya bluu na nyekundu, na kipimajoto cha kidijitali. Akamwamkia mama shikamoo kwa adabu, akavua viatu mlangoni alipokaribishwa maji. Akafungua boneti, akafunga geji, akaniambia niwashe AC. Mshale wa nyekundu ukapanda, ukapanda, ukaenda kule juu kabisa. Akaguna. "Dada yangu, hii kompresa imekufa. Ukiendelea kuiwasha itasagika na kumwaga vyuma mfumo mzima, utabadilisha kila kitu." Akaachia gesi, akafungua paipu, akaingiza kidole, akanionesha mafuta meusi yenye chembe zinazometameta. Nikaziona kwa macho yangu. Leo naamini alikuja nazo kidoleni.

Na hakunilazimisha kununua kwake! Hapo ndipo aliponimaliza. Alisema, "Nenda Ilala ukaulize bei mwenyewe, mimi nitakuja hata kesho." Mwizi gani anakwambia ukaulize bei? Nikamwambia alete. Akapiga simu, bodaboda ikaja na boksi lililofungwa kwa nailoni, lina kibandiko, ndani kompresa nyeusi inang'aa. 380,000. Gesi na ufundi 90,000. Akaniandikia na karatasi ya dhamana ya miezi sita, kwa mkono, akasaini.

Alipomaliza kufunga ilikuwa jioni. Akaomba ndoo ya maji, akasema anasafisha kondensa, ile rejeta ya AC ya mbele, akaimwagia pale mbele ya gari mpaka ikatota. Kisha akawasha AC, akachomeka kipimajoto kwenye tundu la katikati. Ikashuka mpaka nyuzi 6. Mama akambariki, jamani. Akamwita mwanangu. Nikatuma hela, jina likaja la mtu mwingine, akasema ni la mke wake. Kompresa ya zamani akaitia kwenye mfuko, "nikuondolee uchafu."

Kesho yake foleni ya Morocco, joto lilelile. Mama jasho linamchuruzika, ananiambia fungua vioo. Nikampigia, akasema mpya inahitaji kuzoea. Nikampigia tena, kaniblock.

Fundi mmoja mzee wa Gerezani ndiye aliyenifumbua macho, na hakugusa hata geji. Aliwasha AC, akainama mbele ya gari, akauliza: "Feni hii imesimama tangu lini?" Feni ya kondensa ilikuwa imeungua mota. Ukiwa unatembea upepo wa barabarani unafanya kazi yake, ukisimama kondensa haipati hewa, ndiyo maana foleni tu ndiyo inaleta joto. Zile nyuzi 6 zilikuwa za ndoo ya maji! Alipoza kondensa kwa maji, akapima kabla hayajakauka. Na ule mshale kupanda vile ni dalili kompresa yangu ilikuwa inasukuma. Iliyokufa haipandishi presha. Nina video ya siku ile, nilimrekodia kaka, na feni inaonekana imesimama tuli tapeli akiwa kaiinamia. Aliiona. Alijua.

Mzee akakwaruza ile kompresa "mpya" kwa bisibisi, rangi ya kupuliza ikabanduka, chini kutu. Akabonyeza valvu kidogo, ikatoka harufu ya jikoni. Gesi ya mtungi wa kupikia! Gari letu linatumia gesi ya AC iitwayo R134a, ambayo hainuki vile na haishiki moto kirahisi hivyo. Ile nyingine ikivuja ndani ya gari, cheche moja inatosha. Mama yangu anakaa mbele pale.

Mtu wa namna hii asiishie kurudisha hela. Afungwe. Huu si utapeli wa hela tu, huku ni kuhatarisha roho za watu, na naomba polisi waliandike hivyo. FCC (Tume ya Ushindani) nao wamfuatilie huyo anayempelekea maboksi, maana yupo mtu anakaa mahali anapuliza rangi na kubandika vibandiko. Wote wawekwe ndani. Mama yule wa jumuiya naye amekagua gari lake, ni gesi ileile.

Mkiita fundi: aoneshe mtungi wa gesi umeandikwa nini, kiasi kilingane na kibandiko cha chini ya boneti. Kabla ya kujaza avute hewa kwa pampu nusu saa hivi, wangu hakuwa na pampu kabisa. Akisema gesi imeisha, akuoneshe inapovujia, haiishi kama petroli. Feni muiangalie wenyewe. Risiti ya EFD. Na spea ya zamani ibaki kwenu, hata ikiwa imekufa.

Sasa ombi. Marehemu baba alikuwa anachonga namba za gari kwenye kila kifaa kwa kuogopa wezi, hata kompresa aliichonga, upande wa chini. Aliyeuziwa kompresa nyeusi ya Corolla 110 karibuni akwaruze rangi hapo chini. Mkiona namba zinazoanzia T na kuishia AGK, nitumieni ujumbe, sitawadai kitu. Nataka tu twende wote kituoni tukaandikishe maelezo.