Sindano Iliyonyanyuliwa Katikati ya Upande wa Nne: Uzoefu Wangu na Usiku wa Santuri Hapa Dodoma

Ninaandika haya nikiwa bado na hasira, ingawa wiki kadhaa zimepita na wenzangu wengine wameshaamua kusamehe. Hapa Dodoma mjini kuna ukumbi mmoja, ambao jina lake nitaliacha, unaowapokea watu wenye santuri zao na kuwapigia kwenye mitambo mikubwa kwa malipo ya saa. Tulikuwa tumelipia kuanzia saa mbili hadi saa nne usiku. Saa tatu na nusu, robo ya mwisho ya muda wetu ikiwa ndiyo kwanza inaanza, fundi mitambo wa ukumbi huo alinyanyua sindano katikati ya upande wa nne wa Made in Japan, albamu ya santuri mbili ya Deep Purple, bendi ya roki ya Uingereza, akawasha taa zote, akaanza kukunja nyaya. Huduma ya namna hiyo siwezi kumpendekezea mtu yeyote anayeupenda muziki, na nitaeleza kwa nini, kwa sababu aliyesikia habari hii juu juu ameniambia kwamba nimekasirikia dakika kumi tu.

Wapenzi wa muziki mzito wa roki katika mji huu ni wachache, na tumezoea kuambiwa kwamba tunapenda makelele. Ukiutaja muziki huo katika nchi yetu, wengi hukujibu kwa jina la Freddie Mercury, kwa kuwa alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, na heshima hiyo ni ya kweli wala siibishii. Lakini sisi kumi na wawili tuliokutana usiku ule, wakiwamo walimu, dereva wa lori, muuguzi aliyetoka Mpwapwa siku hiyo hiyo, na mzee mmoja mstaafu wa reli ambaye ndiye mwenye santuri, tumeipenda Deep Purple tangu enzi za kanda za kaseti, na tumeipenda hasa kwa namna inavyopiga jukwaani. Nyimbo zao za studioni ni nzuri. Zile za jukwaani ni kitu kingine kabisa.

Mfano ulio wazi ni huo huo upande wa nne, ambao wote umebeba wimbo mmoja tu, Space Truckin'. Studioni wimbo huo haukufika dakika tano. Jukwaani nchini Japani, mwezi Agosti mwaka 1972, ulikaribia dakika ishirini, na dakika hizo zilizoongezeka si maneno yaliyorudiwarudiwa. Maneno huisha mapema, kisha kinanda cha Jon Lord hujitenga na kuanza safari yake, dramu za Ian Paice zikikifuata hatua kwa hatua, hadi gitaa la Ritchie Blackmore linapoingia na kubadilisha mwelekeo wa kila kitu. Ni sehemu ambayo wanamuziki wanatafuta njia mbele ya watu, na msikilizaji hajui watatokea wapi. Anayeikata katikati amekuuzia nusu ya safari.

Watu wa hapa hawahitaji kufundishwa jambo hili. Waliokulia kwenye muziki wa dansi wanajua kwamba wimbo una sehemu ya kuimba na una chemko, na kwamba mpenzi wa kweli hulipa kiingilio kwa ajili ya chemko, pale waimbaji wanaponyamaza na magitaa kuanza kusemezana. Mbaraka Mwinshehe, ambaye bendi yake ya Morogoro Jazz haikuwa mbali na sisi, angeweza kulishikilia gitaa la solo hadi ukumbi mzima ukasahau wimbo ulianza na maneno gani. Yeye na bendi hiyo walikwenda kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya kimataifa ya Osaka, Japani, mwaka 1970, na miaka miwili baadaye, katika mji huo huo wa Osaka, ndipo ilipopigwa sehemu kubwa ya santuri ninayoizungumzia, nyingine ikipigwa Tokyo. Kila ninapoifikiria sadfa hiyo moyo wangu huchangamka. Na Wagogo, wenye mji huu, wana ngoma ya muheme. Nani aliyewahi kusimama mbele ya akina mama wanaopiga muheme, vumbi likiwa limeshapanda hadi magotini, akawaambia wanyamaze kwa kuwa wimbo wao umekuwa mrefu?

Ni haki niseme pia kwamba pande tatu za kwanza zilipigwa vizuri, na hapo ndipo uchungu wangu unapozidi. Spika za ukumbi ule ni za zamani, pana, zenye makasha ya mbao, na sijawahi kuisikia sauti ya aina ile mahali pengine popote Dodoma. Jon Lord alikuwa na desturi ya kukipitisha kinanda chake cha Hammond kwenye amplifaya za Marshall, zile zinazotumiwa na wapiga magitaa, na ndiyo maana kinanda hicho hunguruma badala ya kuimba kwa upole. Kwa redio ya nyumbani mngurumo huo huwa nausikia kama ukungu tu. Usiku ule niliusikia kifuani. Tulipofika Child in Time, ambao huanza taratibu sana na kupanda hadi Ian Gillan anapopiga zile kelele zake za juu, yule muuguzi alifumba macho na kushika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na hakuiachia hadi wimbo ulipokwisha. Upande wa tatu, pale gitaa linapotoa sauti na mwimbaji kuiiga kwa koo lake, gitaa likipanda naye anapanda, tulicheka kwa furaha kama watoto. Kama usiku ungeishia hapo, leo ningekuwa ninaandika sifa tupu.

Santuri ilipogeuzwa kwa upande wa nne nilimwona fundi mitambo akitazama simu yake mara kwa mara. Kisha, bila kumtazama yeyote kati yetu, alipunguza sauti. Mzee wetu alinyanyuka, akamwendea kwa adabu.

“Mwanangu, tafadhali turudishie sauti. Hapa ndipo penyewe.”

“Mzee, wimbo umekwisha. Wameacha kuimba, sasa wanapiga kelele tu.”

“Haujaisha. Tuna nusu saa nzima tuliyoilipia.”

“Mimi ndiye fundi hapa. Mtaniunguzia spika na hizi kelele zenu, na kuna watu wa maana wanakuja kufunga mitambo yao ya harusi ya kesho.”

Akakinyanyua kile kimkono cha sindano kwa kidole kimoja, kwa haraka, na sote tukausikia ule mlio, kama kitambaa kinachochanwa, ukipita kwenye spika zote mbili.

Watu wa maana. Mzee yule alinunua santuri hiyo akiwa kijana, kwa mshahara wa reli, na amehama nayo kituo baada ya kituo, ikiwa imefungwa ndani ya kanga ya marehemu mkewe, na usiku ule aliifungua kanga hiyo mbele yetu polepole kama mtu anayefungua barua. Hakujibu neno. Aliichukua santuri, akaiinamisha kwenye mwanga wa taa, akapitisha macho juu yake, kisha akaifunga tena. Mimi ndiye niliyepaza sauti, na ningepaza zaidi kama asingenishika mkono na kuniambia, “Mwache, mdogo wangu, twende.”

Linaloniuma zaidi ni kwamba ndani ya albamu hiyo hiyo Gillan anasikika jukwaani akiomba kila chombo kisikike zaidi ya kila chombo kingine. Bendi hiyo iliwategemea mafundi wake, na kazi ya fundi wao wa kurekodi, Martin Birch, ndiyo inayotufanya tusikie leo hata mguso mdogo wa vijiti kwenye dramu. Fundi mitambo ni mwanamuziki mwenzao. Huyu wa kwetu alikuwa na mitambo bora kuliko yote mjini na hakuwa na masikio.

Siku ya pili tulikwenda nyumbani kwa mzee tukaisikiliza santuri kwenye gramafoni yake ndogo. Mkwaruzo upo. Unaanzia pale kinanda kinaposhuka na kubaki karibu peke yake, mahali penye utulivu kuliko pote katika upande ule, na kwa kuwa santuri huzunguka mara thelathini na tatu na kidogo kwa dakika, ndivyo unavyousikia mlio wake, tik, tik, tik, karibu kila baada ya sekunde mbili, kwa dakika nne hivi. Mzee alihesabu kwa kidole juu ya goti lake hadi ulipotoweka.

Baadaye mwenye ukumbi, mama mmoja mpole, alinipigia simu. Aliomba radhi bila kujitetea, akaturudishia fedha zote, na akaahidi kwamba fundi yule hatagusa tena santuri ya mteja. Nilipokata simu nilikuwa tayari kubadilisha hukumu yangu yote, kwa sababu ni mara chache hapa mjini mtu kukiri kosa la mfanyakazi wake kwa maneno ya wazi namna ile. Kisha nikaikumbuka ile tik, na ukarimu wangu ukaniisha. Fedha ilirudi, lakini dakika zile nne hazirudi, na santuri iliyochapwa miaka ile huwezi kwenda kuinunua sokoni Sabasaba. Kwa hiyo ninashikilia nilivyosema mwanzo: msiende.

Hata hivyo jana mzee amenipigia. Anasema hajawahi kukisikia kinanda kile kama alivyokisikia usiku ule, kwamba umri wake haumruhusu kungoja spika nyingine kama zile ziletwe Dodoma, na kwamba ameshaongea na yule mama kuhusu Jumamosi. Anataka upande wa nne tu, wote, kutoka mwanzo hadi mwisho, na mkwaruzo wake. Nimemwambia nitampitia saa kumi na mbili jioni. Sharti lake kwa mwenye ukumbi ni moja, na amelikubali: sindano ataishusha yeye mwenyewe, na atainyanyua yeye mwenyewe.