Uzoefu wangu: kipimo cha usikivu katika vituo viwili

Nimesaga nafaka mashineni hapa Morogoro kwa miaka 18, kwa hiyo sikushangaa masikio yalipoanza kunigomea. Kero yangu ilikuwa kusikia sauti bila kuyapata maneno. Mjukuu akisema "fika", mimi nasikia "shika".

Kituo cha kwanza kilinipima kwa hedifoni tu, kikaniambia nimepoteza asilimia 40 ya usikivu, na papo hapo kikanitajia bei ya visaidizi viwili vya kusikia. Asilimia hiyo haikunifaa kitu, kwa kuwa usikivu haupungui sawasawa kama maji ndani ya pipa.

Kituo cha pili ndicho ninachokisifu, ingawa nilisubiri saa tatu. Mtaalamu aliniwekea mchoro mbele yangu: kushoto sauti nzito za hezi 250 (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde), kulia nyembamba za hezi 8000, na kadiri alama inavyoshuka ndivyo sauti inavyohitaji desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) nyingi zaidi ili isikike. Viduara vyekundu ni sikio la kulia, alama za buluu za kukatiza ni la kushoto. Sifuri, kumbe, si ukimya, bali ni kiwango cha chini kabisa ambacho vijana wenye masikio mazima hukisikia kwa wastani.

Kisha alinibandika kitetemeshi kidogo kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, kipimo ambacho kule kwa kwanza hakikufanywa kabisa. Katika sauti nzito, sikio la kulia lilihitaji desibeli 45 kwa njia ya hewa, yaani kwa hedifoni, lakini 15 tu kwa njia ya mfupa. Maana yake sikio la ndani lilikuwa zima kwa sauti hizo, na kizuizi kilikuwa njiani. Kipimo cha mgandamizo wa hewa ndani ya sikio kilitoa mstari bapa, ishara kwamba kiwambo cha sikio hakichezi vizuri, na daktari akathibitisha majimaji nyuma ya kiwambo hicho. Kwenye hezi 4000, hata hivyo, masikio yote mawili yalishuka hadi desibeli 55 kwa njia zote mbili, bonde linalojulikana sana kwa watu waliokaa na makelele, na chembe za sikio la ndani zilizokufa hazioti tena. Hivyo sikio la kulia lilikuwa na matatizo mawili kwa pamoja, la kushoto moja.

Nilipopimwa tena baada ya matibabu, pengo la hewa na mfupa lilikuwa limefungika. Bonde limebaki palepale, na sasa najaribu kisaidizi kilichorekebishwa kwa sauti nyembamba pekee.