Ubao wa matokeo katika mgahawa wa Mwanga

Nimekuwa mteja wa mgahawa huu ulio nyuma ya soko la Mwanga, hapa Kigoma, kwa miaka kadhaa, na supu yake ya kuhe haijawahi kuniangusha. Tathmini hii, hata hivyo, inahusu huduma nyingine inayotolewa pale asubuhi, nayo ni ubao. Mwenye mgahawa ni mwalimu mstaafu wa somo la uraia, na wateja wote humwita Mwalimu. Huandika ubaoni kwa chaki matokeo ya chaguzi za nchi mbalimbali, kisha huyaeleza kwa yeyote aliyekaa na chai yake na yuko tayari kusikiliza.

Nilifika tarehe 5 Novemba 2024 kabla ya saa mbili asubuhi, kwa kuwa saa hiyo kwetu ndiyo saa sita ya usiku huko Dixville Notch, kitongoji cha milimani kaskazini mwa jimbo la New Hampshire nchini Marekani. Tangu mwaka 1960 wakazi wake hupiga kura ya urais mara tu siku ya uchaguzi inapoingia, na kwa kuwa sheria ya jimbo inaruhusu kituo kama hicho kufungwa pindi kila aliyeandikishwa anapomaliza kupiga kura, matokeo hutangazwa baada ya dakika chache huku Wamarekani wengi wamelala. Safari hii wapiga kura walikuwa sita. Mwalimu alisimama ubaoni na kipande cha chaki kisichozidi ncha ya kidole, na runinga ilipotaja hesabu akaandika taratibu: Harris (mgombea wa Democrat) 3, Trump (mgombea wa Republican) 3.

Mama mmoja muuza dagaa, ambaye alikuwa ametua beseni lake mlangoni, aliuliza, "Mwalimu, watu sita tu, nao wamegawanyika hivyo?"

"Ndiyo, mama. Na wanne kati yao wameandikishwa kuwa wa Republican, chama cha Trump."

Hapo ndipo huduma hii ilipoonyesha thamani yake. Daftari letu la kudumu la wapiga kura halisemi mtu ni wa chama gani, kwa hiyo wengi wetu pale mezani hatukuwahi kufikiri kwamba kuna mahali ambapo mwananchi huandikisha chama chake mbele ya ofisa wa serikali, au huchagua kutotaja chama, kama walivyofanya wale wawili waliobaki. Mwalimu alieleza kwamba Januari ya mwaka huohuo, katika kura za maoni za Republican, wote sita walimpa Nikki Haley, mpinzani wa Trump ndani ya chama hicho, na Trump hakupata hata moja. Kwa hiyo jina la chama lililo daftarini halikutosha kueleza kilichotokea Novemba, na nimeshawishika kwamba somo hilo lina uzito kuliko sare yenyewe.

Upande wa kushoto wa ubao kulikuwa na matokeo ya nyuma. Mwaka 1960 Nixon wa Republican alipata kura zote 9, ilhali aliyeshinda nchi nzima alikuwa Kennedy wa Democrat. Mwaka 1968 Humphrey wa Democrat alimshinda Nixon kwa 8 dhidi ya 4, kisha ukafuata muda mrefu ambao chama cha Democrat hakikushinda tena pale, mpaka Obama alipokipatia kura 15 dhidi ya 6 za McCain wa Republican mwaka 2008. Mwaka 2012 ilikuwa sare ya 5 kwa 5, na mwaka 2020 Biden wa Democrat alizoa zote 5.

Kasoro kubwa niliyoiona iko hapo. Juu ya orodha hiyo Mwalimu alikuwa ameandika "Ngome ya Republican imebomoka", na maneno hayo yanapotosha. Mwaka 2000, Bush wa Republican alipopata kura 21, waliopiga kura walikuwa 27, na wengi wa wakazi waliishi kwa kutegemea hoteli kubwa ya Balsams. Hoteli hiyo ilifungwa mwaka 2011, watu wakaondoka, na kitongoji kilichopiga kura mwaka 2020 hakikuwa na watu walewale. Mtu akihama, kura yake huhama naye. Hatuwezi kusema amebadili msimamo. Isitoshe, wilaya ya Coos, ambamo kitongoji hicho kimo, ilimchagua Trump mwaka 2016 na tena mwaka 2020, kwa hiyo anayetaka kujua mwelekeo wa eneo lile asiishie kwenye kura tano. Nilimweleza Mwalimu hayo kwa heshima zote, naye alisikiliza bila kunikatiza.

Kasoro nyingine ni ndogo: sauti ya runinga ilikuwa juu mno, na mandazi yaliisha mapema.

Nilirudi wiki iliyofuata. Kichwa kile cha habari kilikuwa kimefutwa, na pembeni ya kila mwaka palikuwa na safu mpya ya idadi ya wapiga kura: 27 mwaka 2000, 26 mwaka 2004, 21 mwaka 2008, 10 mwaka 2012, 8 mwaka 2016, 5 mwaka 2020 na 6 mwaka 2024. Supu na chapati mbili nililipa shilingi 4,000, na maelezo ya ubaoni hayalipiwi. Anayetaka kuuona ubao vizuri akae kwenye benchi la dirishani, na afike kabla ya saa moja na nusu, maana wavuvi wakishatoka mwaloni hulijaza lote.