Vizibo vya kuyeyuka kisimani: nilivyoviona kazini

Niseme mapema: vizibo hivi nimevipenda, ila si kwa kila kisima, na si kwa zile sababu zilizoandikwa kwenye kipeperushi cha muuzaji. Kazi yangu ni kusimamia upasuaji wa miamba kwa maji ya shinikizo kwenye visima vya gesi vya mlalo. Siku zote tulikuwa tukitumia vizibo vya faibaglasi, ambavyo kazi ikiisha huna budi kuvisaga kimoja kimoja kwa keekee. Safari hii tukaletewa vya aloi ya magnesiamu, vya bomba la inchi 5.5, vilivyopimwa kuhimili shinikizo la psi 10,000 (pauni kwa inchi ya mraba).

Kwa asiyeijua kazi yenyewe: kisima cha mlalo hupasuliwa kipande kwa kipande, kuanzia mwisho wake kurudi kwenye kona, pale kisima kinapoacha kushuka na kuanza kulala. Kipande kikishapigwa maji na mchanga, unashushwa waya wenye kizibo na bunduki za kutobolea bomba, na pampu ndiyo inayousukuma mzigo huo kwenye mlalo. Kizibo hukazwa kwa baruti inayoungua polepole: meno yake yanang'ata ukuta wa bomba, mpira unatanuka. Kisha gololi inakaa kwenye tundu lake, na maji hayana tena njia ya kurudi kwenye kipande kilichokwisha pasuliwa. Kinatakiwa kushika kwa saa chache tu. Baada ya hapo ni kikwazo.

Kwenye kushuka na kukaza sina lawama. Ni vifupi kuliko vile vya zamani, vinapita vizuri, na mvuto wa waya ulionyesha wazi kila mara kizibo kilipouachia waya. Gololi ikikaa, shinikizo linapanda ghafla kwenye kioo cha pampu, na wote kwenye gari la kuongozea pampu mnajua imeshika. Kuna vipande vichache ambavyo shinikizo lilipanda kisha likalegea kidogo kidogo. Dalili hiyo naichukia. Maji yenye mchanga yakipata upenyo mdogo pembeni mwa kizibo yanakwangua chuma, na upenyo unazidi kukua hadi unajikuta unakipasua tena kipande cha jana huku cha leo kikiambulia matone. Sidhani kosa lilikuwa la magnesiamu. Namshuku yule mpira wa kuyeyuka, ambao ni laini kuliko mpira wa kawaida, na hapo ndipo ningetaka watengenezaji waongeze bidii.

Sasa tuje kwenye kuyeyuka kwenyewe, maana ndiko kunakolipiwa pesa. Magnesiamu haiyeyuki kwa maji tu; inataka joto na inataka kloraidi, yaani chumvi. Majedwali ya muuzaji yalitokana na maji ya chumvi yaliyopashwa moto maabara. Sisi tulikuwa tunapampu maji karibu baridi, yasiyo na chumvi ya kutaja, na maji hayo hukipoza kisima kwa saa nyingi kabla mwamba haujarudisha joto lake. Kwa hiyo tulikata kipande cha sampuli, kikawekwa kwenye chombo cha maji yetu wenyewe yaliyopashwa moto. Mwanzoni kilikaa tu. Tulipoongeza chumvi, kikaanza kutoa vipovu vya hidrojeni, uso wake ukawa mweusi wenye mashimo, na chini ya chombo likajikusanya tope laini la kijivu. Lile tope liangalieni sana. Ni hidroksidi ya magnesiamu, haipotei hewani, na kisima kikiwa kimelala bila mtiririko linaweza kutuama palepale.

Jambo hilohilo la joto na chumvi lina upande wa pili usiotajwa na muuzaji. Kizibo kikishakazwa, saa inahesabu. Pampu ikiharibika, au waya ukikwama, kila saa ya kusubiri inakula nguvu ya kizibo ambacho bado hujakitumia. Kwenye kisima cha moto chenye maji ya chumvi nisingethubutu kukaza kizibo kabla sijahakikisha pampu zote zi tayari. Faibaglasi haina wasiwasi huo. Ungeweza kwenda kulala.

Na hata vikiyeyuka, haviyeyuki vyote. Yale meno yana vidonge vigumu vya kung'atia chuma, vya kauri au kabaidi ya tungsten kutegemea mtengenezaji, na hivyo havina habari na chumvi wala joto. Tulivikuta kwenye mtego wa uchafu juu ya ardhi, vizima kama vilivyoondoka kiwandani, pamoja na vipande vya mpira. Kwa hiyo anayekwambia hutahitaji kabisa kuingiza bomba la kuviringisha (bomba refu jembamba linalofunguliwa kutoka kwenye gurudumu) kusafisha kisima, mwombe aandike kwenye mkataba. Sisi tuliingiza. Tofauti ni kwamba lilipita likisukuma na kusafisha, bila kusimama kusaga kila kizibo, na hiyo ni nafuu kubwa ya muda.

Mahali ambapo vimenishinda hoja ni mwisho wa mlalo. Bomba la kuviringisha halifiki popote utakapo: msuguano unazidi, bomba linajipinda ndani ya bomba, linajifunga, na hata ukisukuma vipi keekee haisogei. Vizibo vya faibaglasi vilivyo ng'ambo ya hapo vinabaki, na gesi ya huko inabaki navyo. Ndiyo maana sasa nachanganya: vya kuyeyuka kule mbali ambako keekee haifiki, faibaglasi sehemu ya karibu na kona, ambako kuisaga ni kazi ya kawaida na kisima hupozwa zaidi na maji ya pampu.

Uhifadhi nao una masharti. Viacheni kwenye mifuko yake iliyofungwa hadi dakika ya kuvifunga kwenye waya. Unyevu wa uwanjani unatosha kuanza kuvila.

Oda ijayo nimetaka mambo matatu: tundu pana zaidi ili kisima kitiririke hata kizibo kisipokwisha, mpira uliojaribiwa kwa joto la kisima changu, na kipimo cha kuyeyuka kilichofanywa kwa maji yangu. La kwanza wamekubali. Mengine bado wanapigia hesabu.