Kirikuu changu kilikuwa kinachemsha: uzoefu wangu wa kupitisha upya mabomba ya maji kwenye gereji moja ya Mtwara

Gari ninalolizungumzia ni Honda Acty ya kizazi kile kilichoanza kutoka kiwandani mwaka 1999, yenye injini ya silinda 3 ya sentimita za ujazo 656. Huku kwetu Mtwara kila gari dogo la mizigo la aina hii huitwa kirikuu, ingawa wenye jina lao kwa haki ni Suzuki Carry. Tofauti yake na Carry ni kwamba injini haiko chini ya kiti cha dereva, bali imelazwa chini ya bodi la mizigo, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, wakati rejeta, inayopoza maji ya injini, imebaki mbele kabisa ya gari. Ni mpangilio uleule wa magari ya mashindano yenye injini katikati, na Honda Beat, kile kigari cha michezo cha miaka ya tisini, kinatumia injini ya ukoo huohuo. Nilipojua hivyo nilijivuna kidogo, mpaka siku nilipoelewa kwamba nimerithi pia ugonjwa wa magari hayo: maji ya kupoozea injini yanapaswa kusafiri urefu wa gari kwenda na kurudi, kwa mabomba yanayopita chini ya sakafu, karibu na vumbi, mawe na hewa ya chumvi ya pwani.

Kazi yangu ni kupeleka samaki wenye barafu kutoka Mtwara mjini, kupitia Nanyamba na Tandahimba, hadi Newala. Njia hiyo inaanzia usawa wa bahari na kumalizikia juu ya uwanda wa Makonde, zaidi ya mita 600 juu, na gari linapanda likiwa na mzigo asubuhi ambapo jua limekwishachoma. Nikiri mapema kwamba Wajapani waliliruhusu gari hili kubeba kilo 350 na mimi huwa sizipimi. Lakini mwaka jana lilianza kuchemsha hata likiwa na nusu ya mzigo, na anayefanya biashara ya samaki anajua kwamba saa moja ya kusubiri injini ipoe kando ya barabara ni saa moja ya barafu kuwa maji.

Fundi wa kwanza, ambaye sitamtaja, aliondoa themostati. Hii ndiyo dawa ya kwanza ya mafundi wengi wa pwani, na mantiki yao ni kwamba nchi yenye joto haihitaji kifaa cha kuzuia maji yasiende kwenye rejeta injini ikiwa bado baridi. Matokeo yake ni kwamba barabara tambarare ya kuelekea Mikindani injini ilibaki baridi na kunywa mafuta kuliko kawaida, na mlimani ikachemsha vilevile. Baadaye aligundua kwamba bomba moja la chuma limeliwa na kutu, akalikata na kuweka mpira mrefu badala yake. Na kwa kuwa chini hapakuwa na pa kuufungia, akaupandisha juu ya mhimili wa chesisi kisha akaushusha tena. Mpira haukuvuja. Nikamlipa, nikamshukuru, na wiki iliyofuata nikasimama Tandahimba mvuke ukitoka chini ya bodi.

Gereji ninayoiandikia maoni haya nilielekezwa na dereva mwenzangu. Ni ndogo, ina banda la mabati na shimo moja la kuingilia chini ya magari, na fundi wake mkuu ni mzee asiyependa maneno mengi. Nilimwambia kwamba nimekuja kubadilisha rejeta, kwa sababu ndivyo nilivyokwishashauriwa na watu wanne. Hakukubali wala kukataa. Aliliwasha gari, akaliacha lingurume mpaka mshale wa joto ukapita katikati, kisha akanishika mkono na kuuweka kwenye rejeta. Ilikuwa vuguvugu tu, wakati injini nyuma ilikuwa karibu kutokota. Halafu akanitaka nifungulie hita, ambayo hupata joto lake kutoka kwenye maji hayohayo ya injini, kitu ambacho sijawahi kukigusa tangu ninunue gari kwa sababu nani anahitaji hita Mtwara, na ikapuliza hewa isiyo na joto lolote.

«Mwanangu,» akasema, «rejeta yako haina kosa, maji ya moto hayaifikii. Gari hili linaumwa upepo.»

Maelezo yake nitayaandika kwa kadiri nilivyoyaelewa, kwa maana ndiyo yaliyonifanya niache gari langu mikononi mwake. Pampu ya maji husukuma maji, haisukumi hewa. Kwenye gari ambalo injini na rejeta ziko pamoja mbele, hewa iliyobaki ndani hupanda yenyewe hadi kwenye mfuniko wa rejeta na kutoka. Kwenye gari ambalo injini iko nyuma na mabomba yanapita chini, hewa hukimbilia popote palipoinuka njiani, na pakiwa na nundu, hukaa humo kama kizibo. Ule mpira uliopandishwa juu ya mhimili ulikuwa nundu kamili. Kila nilipoongeza maji nilikuwa najaza pande mbili za kizibo bila kukiondoa, na kila injini ilipopata moto zaidi, mvuke uliongezeka na kizibo kikakua.

Kabla ya kukata chochote alifunga pampu ya kupimia presha mahali pa mfuniko na kuiacha kwa nusu saa ili kuhakikisha kwamba gasketi ya silinda hedi, inayoziba kati ya injini na kichwa chake, haijaungua na kuvujisha presha. Mshale haukushuka. Mfuniko wenyewe, ulioandikwa 1.1 kama kipimo cha presha, ulifeli kipimo hichohicho kwa sababu springi yake ilikwishachoka, na hapo nikajifunza jambo ambalo miaka yote nililidharau: mfuniko si kizibo cha kuzuia maji yasimwagike, bali ndio unaoyabana maji hadi yaweze kupita nyuzi 100 bila kuchemka, karibu na nyuzi 120 mfuniko ukiwa mzima. Mfuniko mbovu pekee ungetosha kunisumbua mlimani.

Kazi ya mabomba ndiyo ninayoisifia zaidi. Alitoa ule mpira na mabaki ya bomba la zamani, akatengeneza mabomba mawili mapya ya chuma kisichoshika kutu, yenye upana wa ndani sawa na ule wa kiwandani, akikataa pendekezo langu la kutumia bomba jembamba lililokuwa rahisi kupatikana. Aliyapitisha chini ya mhimili, si juu yake, yakipanda kidogo kidogo bila kurudi chini kuelekea mbele, na sehemu moja ambayo haikuwezekana kuepuka kuinuka aliichomelea nati yenye skrubu ya kutolea upepo. Ncha za mabomba alizivimbisha ili mpira usichomoke ukibanwa na klipu, na kila kishikio alikivisha kipande cha mpira ili chuma kisisuguane na chesisi. Themostati ilirudi mahali pake, mpya. Nilipouliza kwa nini asitumie aluminiamu ambayo ni nyepesi, alinijibu kwamba aluminiamu ikigusana na chuma penye chumvi huliwa yenyewe, na kwamba mimi nabeba samaki wanaodondosha maji ya chumvi juu ya bodi mchana kutwa. Sikuwa na la kuongeza.

Kuijaza ilikuwa kazi ya karibu saa nzima. Gari lilipandishwa pua juu kwenye vipande vya mbao ili mfuniko wa rejeta uwe juu kuliko kila kitu, hita ikafunguliwa, na kulanti, yaani dawa ya maji ya kupoozea injini, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa ikamiminwa polepole huku kijana wake akibinya mipira na kulegeza skrubu mpaka mapovu yakaisha. Iliingia zaidi ya lita moja kuliko tuliyoyamwaga. Lita hiyo ndiyo niliyokuwa naibeba kama hewa. Maji yangu ya zamani, ambayo yalikuwa ya kisima, yalitoka na rangi ya chai na chembe nyeupe za chokaa. Hilo lilikuwa kosa langu, si la fundi yeyote.

Sasa malalamiko. Niliambiwa siku 3, nikapewa gari siku ya 9, na katika siku hizo nilikodi gari la mtu kwa hasara. Sababu ilikuwa ni kusubiri bomba kutoka Dar es Salaam, na ningeielewa kama ningeelezwa siku ya pili badala ya kuambiwa «njoo kesho» kila jioni. Bomba moja linapita karibu mno na ekzosi, na kinga ya joto ilifungwa baada ya mimi kuiulizia, wakati ilipaswa kuwa sehemu ya kazi. Wiki mbili baadaye klipu moja ya mbele ilianza kutoa matone. Waliikaza bila malipo, lakini kulanti iliyopotea niliinunua mwenyewe. Kwa jumla nililipa shilingi 540,000, zaidi ya nusu yake ikiwa ni vifaa, na risiti niliipata kwa kuidai.

Tangu hapo imepita miezi 7, ukiwemo msimu mzima wa korosho ambapo barabara ya Newala hujaa malori na mtu hulazimika kupanda kwa gia ya pili nyuma ya lori kwa muda mrefu, hali ambayo hapo awali ilikuwa inaniua. Mshale hukaa chini kidogo ya katikati na hautikisiki. Unywaji wa mafuta umepungua kidogo, nadhani kwa sababu ya themostati. Nimeacha kubeba madumu mawili ya maji nyuma ya kiti. Nimebakiza moja, kwa sababu maji Newala si kitu cha kuomba kwa mtu kwa ajili ya gari.

Ninawapa nyota 4 kati ya 5, nikiwashauri wenye Acty na wenye Toyota Estima za zamani, ambazo injini yake nayo imelala chini ya viti, wapime kwanza kama rejeta inapata moto kabla ya kununua nyingine. Mpira wa kona ya mbele, ambao haukubadilishwa, umeanza kulainika. Jumatatu nitaurudisha kwa mzee huyohuyo, na safari hii nitamtaka aniandikie siku ya kulichukua gari kwenye karatasi.