Nizwa hadi Ibri kwa gari la kukodi: tathmini ya ziara ya siku moja kwenye makaburi ya Al-Ayn na Bat

Anayesafiri peke yake na kutaka kuyaona makaburi ya kale ya Bat, Al-Khutm na Al-Ayn, huko bara ya Oman, hukabiliwa kwanza na suala la usafiri, kwa sababu mabasi hayafiki kwenye makaburi yenyewe, teksi za njiani ni za kubahatisha, na gari la kujiendesha mwenyewe aghalabu hulazimu kurudishwa lilikochukuliwa. Huduma ninayoitathmini hapa ni gari dogo pamoja na dereva wake, lililokodiwa Nizwa kwa siku nzima, kwa mapatano kwamba jioni litaniacha Ibri na mizigo yangu badala ya kunirudisha nilikotoka. Bei ilikuwa riali 40 za Oman, ambazo ni zaidi ya dola 100 za Marekani, mafuta yakiwemo, ilhali chakula na kiingilio cha ngome vilikuwa juu yangu. Kwa mtu mmoja hiyo si bei ndogo. Hata hivyo ningeilipa tena, ila kwa sharti kwamba mpangilio wa siku ubadilishwe, na hilo ndilo nitakalolieleza kwa kirefu.

Dereva alikuwa mzee wa Kiomani aliyezaliwa Unguja, mmoja wa wale wengi waliohamia Oman baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Nilimwamkia shikamoo kwa kubahatisha, akaitika marahaba, na tangu hapo habari za njia, za muda na za kusimama kwa swala zilimalizwa kwa Kiswahili bila kubakisha utata wowote. Yeye si mwongoza watalii, na wala ofisi iliyonipa gari haikudai hivyo. Nilipomuuliza, "Mzee, haya makaburi ni ya watu gani?" alinijibu bila kuzunguka: "Ya watu wa kabla ya Uislamu, mwanangu. Mimi najua njia, habari zao kasome." Nilipendezwa na jibu hilo kuliko hadithi za kubuni ambazo nimewahi kusimuliwa na waongozaji wa kulipwa mahali pengine.

Kituo cha kwanza kilikuwa Bahla, ambako ratiba ilitenga sehemu kubwa mno ya asubuhi. Ngome ni kubwa, ya matofali ya udongo, iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1987, na ilikuwa makao ya ukoo wa Nabhani, jina ambalo kila aliyesoma habari za masultani wa Pate, kisiwa cha pwani ya Kenya, atalitambua mara moja. Mji wenyewe una sifa ya majini, na mzee alinisimulia visa vyake kwa raha zote. Lakini ngome iko kando ya barabara kuu na yafikika kwa urahisi kutoka Nizwa siku nyingine yoyote, hivyo kuipa muda mrefu kuliko makaburi ni kuipoteza faida ya kukodi gari.

Tulifika Al-Ayn saa sita mchana, jua likiwa utosini. Makaburi 21 yamejipanga juu ya kigongo chembamba cha mawe, na nyuma yao unasimama mlima Jabal Misht, wenye kimo cha zaidi ya mita 2,000, ambao ukingo wake wa juu umechongoka kama meno ya kitana. Gari huachwa chini, kisha mtu huvuka bonde kavu na kupanda kwa dakika chache juu ya changarawe zinazoteleza, basi viatu vya wazi havifai. Kuta zimejengwa kwa mawe matupu, pasipo chokaa wala udongo, mabapa ya rangi ya kahawia yakilaliana kwa ustadi kiasi kwamba mahali pengi hata ncha ya kalamu haipenyi. Niliinama kwenye mlango mmoja, ulio mwembamba hata bega likabidi lipite upande, na ndani nikakuta sakafu ya vumbi na vipande vya mawe yaliyoporomoka kutoka juu, pamoja na kivuli cha pekee kilichopatikana kilima kizima. Ni majengo ya milenia ya tatu kabla ya Kristo, na bado yanasimama wima. Tatizo ni kwamba saa sita mwanga huja kutoka juu moja kwa moja, kuta zinafanana rangi na kigongo, na mlima ulio nyuma unafifia kwa ukungu wa joto. Alasiri jua linapoinama, mlima na makaburi hupakwa rangi moja ya dhahabu, na ni kwa ajili ya saa hiyo ndipo watu husafiri hadi pale.

Nilipoomba tutangulie Bat kisha turudi Al-Ayn, mzee hakuwa na kinyongo, lakini alilazimika kuipigia simu ofisi, na ofisi ikakataa kwa kusema kwamba ratiba imeshaandikwa na gari linahitajika Nizwa usiku. Kwa kweli mabadiliko hayo yangeongeza safari ya kwenda na kurudi tu, kwani Al-Ayn iko kiasi cha kilomita 22 kutoka Bat, na ningekubali kuongeza riali tano bila kusita. Huduma inayouzwa kwa jina la gari binafsi haipaswi kuendeshwa kwa ratiba ya basi.

Bat ilistahimili zaidi saa mbovu, kwa kuwa uzuri wake hautegemei mwanga. Hapa ni uwanda mpana karibu na mitende, wenye makaburi mengi zaidi, baadhi yakiwa yamebaki vifusi, na misingi ya minara ya duara ambayo watafiti wameikuta ikiwa na visima katikati. Eneo hili, pamoja na Al-Khutm na Al-Ayn, lilitambuliwa na UNESCO mwaka 1988. Wenyeji wake waliishi katika nchi ambayo maandishi ya Wasumeri huiita Magan, iliyopeleka shaba na mawe magumu hadi kwao Mesopotamia, yaani Iraki ya leo, na habari hiyo ndiyo inayoufanya uwanda huu ueleweke, kwa sababu vinginevyo mgeni atajiuliza ni utajiri gani uliojenga minara mahali penye mbuzi na migunga tu. Sikukuta kibanda cha tiketi, duka la maji wala mtu wa kuuliza. Maji lita tatu kwa mtu si mengi, na mzee alikuwa nayo ya akiba kwenye sanduku la barafu, jambo ambalo halikuandikwa popote katika matangazo ya ofisi na lilistahili kuandikwa.

Ibri tulifika kabla ya magharibi, mizigo ikateremshwa hotelini, na asubuhi yake nikaendelea na safari kuelekea Buraimi, mpakani na mji wa Al Ain wa Falme za Kiarabu, ambako kuna makaburi mengine ya zama zilezile chini ya mlima Jabal Hafit. Kwa kuwa majina yanafanana, anayetafuta njia ya makaburi ya Al-Ayn kwenye ramani ya simu ahakikishe ameandika kijiji cha Al-Ayn cha Oman, la sivyo atapelekwa kwenye mji huo wa ng'ambo ya mpaka. Kabla ya kulipa, ofisi iandike kwenye risiti kwamba safari inaishia Ibri, maana wakati wa kufunga hesabu nilidaiwa nauli ya gari kurudi tupu, na dai hilo liliondolewa tu baada ya mzee kuwaeleza kwa simu yale tuliyopatana asubuhi.