Rimu 15 kwenye Corolla 110, asante kwa fundi wa Ilala

Nina Corolla 110 ya mwaka 98, stika ya kwenye nguzo ya mlango wa dereva inasema 175/65R14 (upana milimita 175, ukuta asilimia 65 ya upana huo, rimu inchi 14). Nikataka kuipandisha rimu 15, nikaenda duka moja hivi (jina nalihifadhi) wakaniuzia na tairi 195/60R15, wakasema "zinaingia tu hizo bosi". Kuingia ziliingia kweli, ila ukikata kona kali tairi inakwaruza fenda, na ukipakia watu watatu nyuma ukapita tuta ndo usiseme.

Nimehangaika nazo miezi miwili mpaka rafiki akanielekeza kwa fundi wa matairi Ilala, kaduka kadogo tu. Jamani huyu fundi anajua kazi!! Kitu cha kwanza alifungua mlango akasoma stika, akatoa simu akapiga hesabu mbele yangu: tairi ya asili ikisimama ina milimita 583, hizi za kwangu 615, zimezidi kama asilimia 5 na nusu, kwa hiyo hata mshale wa spidi ulikuwa unanidanganya, unasoma 80 kumbe niko 84. Rimu akaziacha zilezile, akanipa tairi 185/55R15, hizo zinatoka kama 584, karibu sawa kabisa na za asili. Namba ya uzito nayo 82, yaani kilo 475 kila tairi. Hela ya zile za kwanza imeenda hivyo, inaniuma mpaka leo.

Halafu kuna tundu la katikati, hili hakuna aliyewahi kuniambia. Matundu ya nati yanakubali, ni 4 kwa 100 (nati nne kwenye duara la milimita 100), lakini katikati rimu ina tundu la milimita 73.1 na habu ya 110, yaani kile kitovu cha gari kinachoingia humo, ni 54.1, ndo maana stelingi ilikuwa inatetemeka nikifika 90 na nilishafanya balansi mara mbili bila mafanikio. Akaweka pete za plastiki kuziba ile nafasi, kwisha habari, gari imetulia.

Alaimenti hana, utaenda kwingine, na Jumamosi foleni ni ndefu. Ukuta wa tairi hii pia mfupi kuliko wa 14, mashimo unayasikia, njia ya kwetu napita taratibu sana. Tarehe ya kutengenezwa tairi alinisomesha mwenyewe ubavuni kabla sijalipa: 1124, wiki ya 11 mwaka 2024.